Upole wa Elgon

Mlima Elgon haumtishi mtu. Ukiutazama kutoka Kitale asubuhi, kabla mawingu hayajaufunika, unaona mgongo mrefu uliolala, usio na barafu wala ncha kali kama Mlima Kenya. Upande wa Bungoma, ukipandia Kimilili na Kapsokwony, mahindi na kahawa vinakusindikiza karibu hadi msituni. Ndiyo maana wengi huuendea bila hofu, na kusahau kwamba kilele cha Koitobos kiko mita 4,222 juu ya usawa wa bahari.

Tuseme kuna kijana, fundi wa simu mjini Kitale. Ni Desemba, mvua zimekatika, na marafiki wamekusanyika, baadhi yao wametoka Bungoma kwa matatu ya alfajiri. Wakalipa kwenye lango la hifadhi, Chorlim, wakaandikishwa, wakapanda kwa gari hadi barabara inapoishia, karibu mita 3,500, wakapiga hema. Mji wa Bungoma uko kama mita 1,400, Kitale 1,900. Kwa hiyo walioamkia Bungoma walikuwa wamepanda mita elfu mbili na ushei kabla ya chakula cha jioni, tena wakiwa wameketi kitini. Wazoefu wa milima hushauri kwamba ukishapita mita 3,000, mahali unapolala leo pasizidi pale ulipolala jana kwa zaidi ya mita 500. Ukipanda kwa gari, shauri hilo ni rahisi kulisahau.

Jioni kiongozi wao, mzee wa Kisabaoti, alipita hema kwa hema akiuliza ni nani anaumwa na kichwa. Dada mmoja wa Bungoma akainua mkono. Fundi akanyamaza, ingawa kichwa kilikuwa kinamgonga na ugali wake aliuacha nusu.

"Kesho tunaondoka saa kumi na mbili," mzee akasema. "Mimi mbele, askari wa hifadhi nyuma."

Fundi alitaka picha ya jua likichomoza nyuma ya vilima vya Cherangani. Saa kumi na mbili, kwake yeye, ni kuchelewa. Saa tisa usiku akavaa gambuti, akatia chapati mbili mfukoni, akashusha zipu ya hema polepole, jino kwa jino, asimwamshe mtu.

Hapo kwenye zipu ndipo alipopotea, saa nyingi kabla ya kupotea njia: hakumuaga mtu. Mwaka 1943 Waitaliano watatu, mateka wa vita katika kambi ya Nanyuki, walitoroka ili wapande Mlima Kenya. Felice Benuzzi na wenzake walikuwa na vifaa vya kujiundia wenyewe na chakula cha kudunduliza, lakini hata wao, watoro wenye kila sababu ya kuficha, waliacha barua kambini kusema wanakokwenda na kwamba watarudi. Mmoja wao alipougua, hakuburutwa kileleni. Kilele cha Batian kilipowashinda, wakageuka, wakaridhika na cha Lenana, kisha wakarudi wenyewe kambini kupokea adhabu. Mfungwa aliaga; fundi wetu, mtu huru aliyelipia tiketi, hakuaga.

Wengi hudhani mwenzako mlimani ni wa kukushika mkono ukiteleza. Kwenye njia ya Koitobos kazi hiyo ni ndogo. Mwenzako ni wa kukutazama. Katika kimo kile kila pumzi inakupa takriban asilimia 60 tu ya oksijeni ambayo ungeipata Mombasa, na pengine akili hudhoofika kabla ya miguu. Mtu anaanza kuyumba, maneno yanamponyoka, anaudhika bila sababu, na bado anajiona mzima, kama mlevi anayeng'ang'ania funguo za gari. Ukiwa peke yako, anayekupima ni ile ile akili iliyopungukiwa.

Fundi alifika kileleni. Tukubali hilo, maana visa vya kuonya hupenda kumwangusha mtu kabla hajafika. Jua likatoka, akapiga picha. Simu ikapokea ujumbe wa kumkaribisha Uganda, kisha betri, iliyokuwa nusu, ikazima kwa baridi. Kama angegeuka hapo, angewakuta wenzake njiani na kisa kingeishia kwenye utani. Lakini akaangalia ndani ya kaldera, akakumbuka chemchemi za maji moto za Suam, akaona ni hapo tu. Hakuwa na maji tena. Kichwa kilichokuwa kikigonga sasa kilikuwa kinapwita. Akateremka upande usio wa hemani.

Saa nne ukungu ukapanda. Ukungu wa Elgon ukikufunika huoni zaidi ya hatua chache: majani yaliyoota mafungu mafungu, maji baridi kama barafu katikati yake, na ile miti ya senesio, mirefu kuliko mtu, inayosimama kama watu wanaokungoja. Aliita mmoja wao mara mbili. Kisha akaketi, akahisi usingizi mtamu.

Hemani nako hali ilikuwa mbaya. Yule dada alikuwa akitapika tangu alfajiri, na alitembea huku ameshika kamba za hema. Dawa yake ilijulikana na ilikuwa karibu: kuteremshwa mara moja. Lakini mzee na askari walikuwa wamekwenda kumtafuta fundi, na dereva naye, na funguo zake, alikuwa ng'ambo ya kilima akipiga filimbi. Safari ya mtu mmoja ilikuwa imewachukua wote waliofaa kumsaidia mwingine. Akangoja.

Saa nane mchana askari aliona alama ya gambuti kwenye matope, akaifuata, akamkuta fundi amelala ubavu, chapati zote mbili mfukoni. Walimrudisha wakimshika mikono. Gari likashuka bila kusimama, na walipoukaribia msitu wa mapango, mita elfu moja chini ya hema, dada alifumbua macho na kuuliza kama kuna chai.

Fundi naye akazinduka, akageuka kwa dereva. "Kuna chaja humu?"

"Kijana," mzee akamjibu bila kugeuza shingo, "uliza kwanza dada yako ameshindaje."