Shamba la Makpela na Nyumba ya Makambako

Walimu na wazee wa sharika, someni kwanza Mwanzo mlango wa 23.

Sara alikufa huko Hebroni, umri wake miaka 127. Mungu alikuwa amemwahidia Ibrahimu nchi ile yote, walakini hakuwa na mahali hata pa kumzika mkewe. Efroni Mhiti akasema yu tayari kumpa shamba bure. Ibrahimu hakukubali. Alipima shekeli 400 za fedha mbele ya watu langoni pa mji. Na shamba lile, na pango lililomo, na miti yote ya mipakani, vikathibitishwa kuwa mali yake.

Siku hizi vijana wengi wa Njombe washuka Makambako, ambapo njia ya Songea yakutana na barabara kuu ya Iringa na Mbeya, na reli ya TAZARA yapita. Huko huuza viazi na mbao, hupanga chumba, kisha hutamani nyumba yao ya kwanza. Kutamani huko si dhambi. Lakini sikieni jambo lililotupata.

Mkristo mmoja wa kwetu aliweka akiba ya viazi misimu mitano, akapata nyumba ya vyumba viwili. Mwenye kuuza naye ni Mkristo. Wakatuita tuombe. Mtu mmoja alipotaja maandishi, wote wawili waliona haya: je, washiriki wa meza moja ya Bwana waandikiane kama watu wasioaminiana? Nasi tulinyamaza. Tukaomba, fedha zikahesabiwa, tukanywa chai. Kabla mwezi haujaisha, mke wa mwuzaji akarudi kutoka kumwuguza mama yake, akakuta kufuli ya mtu mwingine mlangoni pake. Hakuwa ameulizwa neno. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yakataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa pasipo ridhaa ya mwenziwe. Nyumba ikarudi kwa mama yule na watoto wake, tena kwa haki. Mnunuzi angali mpangaji, naye arudishiwa fedha zake kidogo kidogo hata leo. Twaungama mbele yenu: kosa letu lapita lao, maana tulikuwapo kama wachungaji, tukayafunika kwa maombi mambo yasiyochunguzwa.

Wako wasemao kuandikiana ni upungufu wa imani. Na wasome Yeremia mlango wa 32. Nabii alinunua shamba la Anathothi kwa Hanameli, mwana wa ami yake, kwa shekeli 17. Jeshi la Babeli lilikuwa limeuzingira mji, naye mwenyewe amefungwa. Hata hivyo aliandika hati, akatia muhuri, akaweka mashahidi, na hati ikatiwa katika chombo cha udongo ipate kudumu. Aliandikiana na ndugu yake wa damu! Hati ile ndiyo iliyokuwa imani yake, ya kwamba watu watakaa tena katika nchi ile.

Basi anunuaye nyumba na aende ofisi ya ardhi ya halmashauri, aulize kiwanja kimeandikwa kwa jina la nani, na kama kimewekwa rehani. Ikiwa ni ardhi ya kijiji, alipeleke jambo mbele ya halmashauri ya kijiji. Atembee mipakani pamoja na majirani. Aulize habari za miti, kama ilivyokuwa kwa Ibrahimu. Maana kwetu yaweza kuwa ardhi ni ya huyu, na misindano ni ya yule. Tena amwone mke wa mwuzaji uso kwa uso, asikie ridhaa yake kwa kinywa chake mwenyewe, nayo iandikwe.

Hata akiisha kununua, asijivune. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais akiwa mdhamini. Na hati ya mjini, iliyo ndefu kuliko zote, ni ya miaka 99, nayo haifikii umri wa Sara. Ibrahimu, aliyeahidiwa nchi nzima, alinunua kaburi. Sisi sote tu wapangaji wa Mungu. Kwa hiyo yatupasa kutodhulumiana katika nyumba tulizoazimwa.

Nanyi walimu, mkiitwa kuombea nyumba iliyonunuliwa, msifumbe macho upesi. Ulizeni kwanza: mama wa nyumba hii yuko wapi, naye asemaje? Akiisha kujibu, ombeni.

Amina.