Je, Chombo cha Kazi Kinaweza Kuchezewa?

Kompyuta yangu ni ya mtumba, HP Z420, aina iliyotoka mwaka 2012. Ilitengenezwa kwa ajili ya wahandisi: prosesa yake ni Xeon, na kumbukumbu yake inaweza kusahihisha yenyewe kosa dogo linapotokea, maana mhandisi hataki hesabu iliyopotoka. Mimi naichezea mpira.

Babu, aliyechimba shaba Kilembe ujanani, akiniona huguna. "Mashine ya kazi haichezewi." Kwake kila chombo kina kusudi lake, na kukitumia vingine ni kukidharau.

Sikubaliani naye. Hapa Bulembia tunaishi katikati ya vitu vilivyopoteza kusudi lake. Reli ilifika Kasese mwaka 1956 ili ibebe shaba. Shaba ilikwisha kusafirishwa zamani. Nyumba za wachimbaji zinakaliwa na watu ambao hawajawahi kushika sururu, na hakuna anayesema wamezidharau. Kadi ya picha nayo haijui kama inachora daraja au goli. (Goli inalichora polepole kidogo, nakiri. Kadi ya michezo ya bei hiyohiyo ingekwenda mbio zaidi.)

Nikadhani nimemshinda Babu. Lakini fedha zilitoka kwa mama, anayeuza chumvi ya Katwe sokoni Bwera, na alikuwa ameziweka kwa ajili ya mabati ya jiko. Nilimwambia kompyuta ni ya masomo. Si uongo, hata insha hii nimeiandikia humo. Ila nilipokuwa nikisema nilijua kwamba ile ndogo, ya nusu ya bei, ingetosha kwa masomo. Nilichagua hii kwa sababu ya kadi ya picha, nikatamka ule upande wa ukweli ulionifaa.

Mtu atasema mchezo hupumzisha akili, na mama pengine angekubali. Pengine. Lakini hakuulizwa, na nafasi ya kukataa ndiyo niliyomnyima. Chombo hakiwezi kudai kitumikeje. Aliyekinunua anaweza, na huyo hakuwa mimi.

Jikoni kwake bado kunavuja. Likizo hii nitakwenda Bwera kumweleza. Akisema niiuze, yuko fundi mmoja mjini Kasese anayechora ramani za nyumba. Ameshaniuliza bei mara mbili.