Kunyamazisha na Kuficha

Programu ya ujenzi, yaani chombo kinachogeuza msimbo ulioandikwa na mtaalamu kuwa programu inayotumika, huandika kumbukumbu ya kila hatua, na mtumiaji huamua iseme kiasi gani: katika Maven, mojawapo ya programu hizo, alama ya -q huacha makosa tu, hata maonyo yasionekane, ilhali -X hufungua kila undani, mistari ikafurika hadi kosa lenyewe likazama humo. Hapo huzuka swali la kimaadili, kama kunyamazisha ni kuficha ukweli.

Mfano wa kulijibu unapatikana katika Katanga, eneo lenye mji wa madini wa Lubumbashi, ambako Waluba walikuwa na lukasa, ubao wa mti uliopambwa kwa shanga na kauri, ambao wanachama wa Mbudye, watunzaji wa historia ya ufalme, waliusoma kwa kuupapasa, wakipanua au kufupisha masimulizi kulingana na wasikilizaji. Ufupi huo haukuwa uongo, kwa kuwa ubao ulibaki mzima na aliyefunzwa aliweza kuyafikia yaliyosalia. Sharti hilo, kwamba yaliyofupishwa yabaki mahali yanapofikika, ni zito hata kwa programu ya ujenzi: onyo lisiloandikwa popote humnyima mwanafunzi wa Lubumbashi, anayerithi mradi wa mwenzake, haki ya kujua kilichoharibika na tangu lini.