Chambo Hai Hupimwa kwa Mdomo

Wanangu mnaoanza kwenda kilindini na mishipi, nawatazama mnavyochagua chambo hai. Mkono unaingia ndooni, unawapita vibua wa kadiri, unamtafuta aliye mkubwa kuliko wote, kisha nahodha anasema kwa uhakika kwamba samaki mkubwa hutaka chambo kikubwa. Maneno hayo yana ukweli, ila ni ukweli wa nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayowarudisha pwani mikono mitupu. Naomba mnisikilize katika hili, kwa kuwa mafuta ni ghali na vibua walio hai hawapatikani kila usiku.

Samaki wengi tunaowataka hawana kawaida ya kutafuna. Humkamata windo wakammeza mzima, mara nyingi akitangulia kichwa ili miba na mapezi yalale yasikwame kooni. Basi kipimo cha kwanza ni mdomo wa yule mnayemtaka na namna anavyoutumia. Chewa hukaa mlangoni mwa pango lake, na akifungua kinywa maji huingia kwa kishindo pamoja na chochote kilicho mbele yake. Chewa wa kilo 10 hapati taabu kummeza kibua wa shibiri nzima, yaani sentimita 20 na kitu. Huyo mpelekeeni kikubwa bila wasiwasi, na mkisogeze chini karibu na mwamba, maana hapendi kutoka nje kufukuza mbali.

Jodari ni wa namna nyingine. Mwili wake ni mzito, lakini mdomo wake si mpana kwa kiasi hicho, na akiwa katikati ya kundi la dagaa huwa ameshika kimo kimoja tu cha windo. Ndege wanapiga mbizi, maji yanachemka, nanyi mmemteremshia kibua wa shibiri. Naye anapita ubavuni kama vile hakuna kitu. Mtilieni dagaa mnene au simu, kwa ndoana ndogo na mshipi mwembamba, mtaona mambo yanavyobadilika. Jodari wa kilo 40 hukamatwa kwa chambo cha urefu wa kidole.

Ndiyo maana nawasihi msichague chambo mkiwa bado ufukweni. Samaki wa kwanza mtakayempandisha siku hiyo, mpasueni tumbo hapo hapo botini na mtazame alichokula. Mkikuta samaki wa vidole vinne, mmeshajibiwa. Tafuteni ndooni aliye karibu na kimo hicho. Wengi hutupa matumbo baharini bila kuyafungua, na mimi naona wanatupa elimu ya siku nzima.

Urefu nao huwapotosha vijana. Kibua wa sentimita 30 ukimlaza kando ya wa sentimita 15 macho yanakwambia ni mara mbili. Ukiwapandisha kwenye mizani, yule mkubwa hukaribia mara nane, kwa kuwa ameongezeka urefu, kimo na unene kwa pamoja. Samaki anayemjia anakutana na unene huo wote kinywani. Kwa hiyo mkitaka kuongeza, ongezeni vidole viwili vitatu, muone, kisha ndiyo mwende mbele.

Ndoana hufuata chambo. Hapa nawaomba mtulie, maana ndipo kazi nyingi inapoharibika. Kijana anafikiria papa au kolekole wa kilo 30, anachukua ndoana nene kama ya papa kweli, anamtoboa kibua wa kiganja. Kibua analemewa, anazama kiubavu, kwa muda mfupi amekufa. Mmebaki na chambo mfu mlichokilipia bei ya chambo hai. Kinyume chake kipo pia: ndoana ndogo juu ya chambo kinene hujificha katika nyama, samaki akauma, mkavuta, ncha isiguse popote. Kila mkishatia ndoana, mteremsheni kibua ubavuni mwa boti, mumtazame. Akisimama wima na kujitahidi kwenda chini, muachieni mshipi. Akizunguka kiubavu juu ya maji, badilisheni ndoana kabla hamjambadilisha yeye. Na mahali pa kutobolea pawe kulingana na kazi: boti ikitembea polepole, puani au mdomo wa juu, ili aendelee kupumua akivutwa, boti ikitia nanga au ikichukuliwa na mkondo, mgongoni mbele ya pezi, juu juu, msiguse uti.

Nguru anahitaji maelezo yake peke yake. Meno yake ni wembe, na tabia yake ni kukata mkia kwanza ili windo lisikimbie, kisha kurudi kumalizia. Ukitumia kibua mdogo, kinywa chake hufika kwenye ndoana hata akianzia nyuma. Ukimtilia wa shibiri na ndoana iko puani, anachukua nusu ya nyuma na kuondoka salama. Anayetaka kutumia chambo kikubwa kwa nguru lazima aunganishe ndoana ya pili kwa kipande kifupi cha waya, aichomeke kidogo karibu na mkia, na aache ulegevu ili kibua asikunjike akiogelea. Bila ndoana hiyo, heri chambo cha kiganja.

Chambo kinachorudi bila samaki msikitupe upesi, kigeuzeni mkononi. Kikiwa kimekatwa safi, kwa mshazari, kichwa tu ndicho kimebaki, huyo ni nguru au mzia, na mmejua ndoana ya pili inatakiwa. Kikirudi kizima, magamba yamekwanguliwa pande zote mbili, pengine na macho yametoka, basi kuna aliyekishika akashindwa kukimeza, punguzeni kimo cha chambo. Kikiwa kimemegwa nyama nyuma ya kichwa, kipande kimoja kidogo, ngisi amepita. Dalili hizo zinapatikana bure, na zinawaambia mengi kuliko yule anayejisifu barazani.

Sasa ule ukweli wa nusu nilioutaja. Chambo kikubwa hupunguza kuumwa, na hilo wakati mwingine ndilo linalotakiwa. Mkiwa juu ya fungu lenye nguru wadogo wadogo wasiofika mita moja, ambao wengine hawajapata hata kutaga, chambo kikubwa huwaacha wadogo wapite, nanyi mkamngoja mkubwa, na nguru anaweza kuzidi mita 2. Mtakaa kimya muda mrefu. Mwenye kumaliza vibua wake kwa haraka haraka asichague njia hiyo. Mwenye subira na ndoo iliyojaa, mimi namuunga mkono kabisa, kwa sababu anavua bila kukata mbegu.

Kolekole mkubwa ana nguvu za taya na kinywa kipana, hana ubishi wa kimo. Anachotaka ni chambo kinachohangaika. Sulisuli, anayefika pwani ya Malindi na Watamu kwa wingi wakati wa kaskazi, hukipiga chambo kwa upanga wake kwanza kisha hugeuka kukimeza, kwa hiyo mpeni mshipi, msivute kwa pigo la kwanza. Chambo chembamba na kirefu humpendeza; kibua wa kadiri au chuchunge anatosha.

Kuwatunza hai ni nusu ya kazi, na hapo pia kimo kina hesabu yake. Maji ya moto hushika hewa kidogo, na kibua mkubwa anatumia nyingi. Ndoo inayobeba wadogo wengi haiwezi kubeba idadi hiyo hiyo ya wakubwa. Badilisheni maji mara kwa mara, funikeni jua, na mikono ilowe kabla ya kumshika, maana mkono mkavu unamvua ute unaomkinga. Anayepungukiwa na magamba wekeni kando. Huyo ndiye wa kwanza kwenda kwenye ndoana.

Nimalizie na mahali mnapowatoa. Vibua na dagaa wa taa wanatosha. Juya la kukokota limepigwa marufuku Kenya na Tanzania, na hakuna sababu ya kulirudia kwa kisingizio cha chambo, kwani linakomba changu na chewa wachanga kutoka kwenye majani ya bahari, wale wale tunaotaka kuwavua wakikua. Hifadhi za taifa za bahari za Malindi na Watamu, zilizotangazwa mwaka 1968, haziruhusu kuvua ndani yake, na chambo ni samaki vile vile. Mafia, penye hifadhi tangu 1995, maeneo yamegawanywa. Waulizeni wazee wa kijiji na kamati ya ufuo kabla ya kutia mshipi. Na vibua wakibaki hai jioni, warudisheni majini pale pale kabla ya kugeuza boti, au wapelekeni nyumbani wakiwa wabichi; wakiachwa wafie ndooni kwenye jua la saa nane, hawafai ndoana wala chungu.