Nyumba ya Kupangisha: Milki au Dhamana?

Ni jambo lijulikanalo na kila mtu kwamba chai tuinywayo asubuhi katika miji yetu ya pwani haikuoteshwa pwani. Sehemu yake kubwa yatoka nyanda za juu, na hasa Kericho na Bomet, ikateremshwa mpaka Mombasa, ambako tangu mwaka 1969 ndiko ufanywako mnada wa chai. Katika barabara kuu itokayo Nakuru kwenda Kericho kuna kijimji kiitwacho Chepseon. Wasafiri wengi hukipita pasi na kushuka. Lakini humo, kama ilivyo katika vijimji vyote vya barabarani, mna wachuma majani, madereva, wachuuzi na walimu ambao kwao ni mbali, na usiku hulala katika vyumba vya kupanga. Kwa ajili ya watu hao, na kwa ajili ya wapangaji walio karibu nasi zaidi, twataka leo kuuliza swali moja.

Mtu amejenga vyumba katika kiwanja chake, kwa mali yake. Mwingine amekuja kwa hiari yake akapanga chumba na kulipa kodi. Je, mtu wa tatu, naye ni bwana afya wa serikali, ana haki gani ya kuja kubisha hodi, akatazama choo na dirisha, akauliza chumba hiki chalaliwa na watu wangapi, na pengine akasema: hapa hapapangishwi mpaka patengenezwe?

Wenye nyumba wengi hujibu kwamba hana haki. Husema: "Milki ni yangu, mpangaji ameridhika, na asiyeridhika milango ya wengine i wazi." Maneno haya yana sura ya haki, na kwa hivyo yapasa yapimwe kwa utulivu.

Kwanza, ridhaa ni ridhaa pale mtu ajuapo anachokipokea. Anunuaye samaki hufunua mashavu yake akatazama kama ni mbichi au amechacha. Lakini apangaye chumba hawezi kufukua msingi, wala kupasua ukuta azione nyaya za umeme, wala kupima umbali uliopo baina ya shimo la choo na kisima. Aibu ya nyumba imefichika, na aijuaye ni yule aliyejenga. Wanavyuoni wetu wa fikihi wameieleza ijara kuwa ni kuuza manfaa, na wakampa mpangaji haki ya kuvunja mapatano ikidhihiri aibu iyaharibuyo manfaa hayo. Basi hata katika vitabu tulivyosomeshwa misikitini, mwenye nyumba hapokei kodi kwa kuwa ana kuta. Aipokea kwa kuwa kuta hizo zamsitiri mtu.

Pili, ridhaa ni ridhaa pale mtu awezapo kukataa. Chepseon ni mahali pa baridi. Maskini aliyepata chumba kisicho na dirisha hufunga mlango usiku akawasha jiko la makaa ndani apate joto. Moshi wa sumu utokao katika makaa hauna harufu, nao humwua mtu usingizini. Yule mtu hakukichagua chumba kile kwa kuwa akipenda. Alikichagua kwa kuwa ki karibu na kazi yake na kodi yake ailingana na mshahara wake. Kumwambia mtu kama huyu "hama" ni kumdhihaki.

Tatu, wako wapangaji ambao hata kulalamika hawawezi. Katika mashamba makubwa ya chai, tangu makampuni ya Kiingereza yalipoanza kupanda chai Kericho katika miaka ya 1920, mfanya kazi amekuwa akikaa katika nyumba ya mwajiri. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, katika kifungu cha 31, yamlazimu mwajiri ampe mfanya kazi nyumba ifaayo karibu na kazi, au amlipe fedha za kutosha kupangia nyumba. Hili ni jambo jema. Lakini tazama lililomo ndani yake: mwajiri na mwenye nyumba ni mmoja. Mtu akifukuzwa kazi, pamoja na mshahara hupoteza na paa. Basi nani atathubutu kusema kwamba choo kimejaa au paa lavuja? Hapa ndipo ionekanapo haja ya mkaguzi ajaye bila ya kuitwa, ili isijulikane nani amesema, wala asiwepo wa kulipiziwa.

Serikali ya Kenya haikosi sheria. Sheria ya Afya ya Umma, iliyotungwa tangu mwaka 1921, yahesabu kuwa ni madhara nyumba iliyosongamana watu au isiyoingia hewa, na yampa ofisa wa afya uwezo wa kumwamuru mwenyewe aondoe madhara hayo. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, yasema kila mtu ana haki ya kupata nyumba ya kutosha na usafi wa kadiri ifaayo, na kazi za nyumba na afya zimekabidhiwa serikali za kaunti. Katika England, tangu sheria ya mwaka 2004, nyumba kubwa zilaliwazo na watu watano au zaidi wasio wa familia moja hazipangishwi ila kwa leseni, na mwaka 2018 sharti hilo likapanuliwa hata zikaingia zisizo na ghorofa nyingi.

Lakini sheria iliyoandikwa si kuta zilizosimama. Tarehe 29 Aprili 2016, baada ya mvua kubwa, nyumba ya ghorofa sita ilianguka huko Huruma, Nairobi, ikawaua watu wapatao 50. Nyumba hiyo ilikuwa imekwisha kutiwa alama ya kubomolewa. Alama ilikuwapo, na wapangaji walikuwapo! Rangi iliyopakwa ukutani haikuuzuia ukuta kuanguka. Twajifunza hapa kwamba mkaguzi aonaye khatari, akaandika, khalafu akaenda zake, amejitafutia hoja ya kujitetea na hakumwokoa mtu.

Hata hivyo, si insafu kunyamaza juu ya hoja za wanaochelea ukaguzi, kwani zina uzito.

Husemwa kwamba nyumba ina heshima yake. Ni kweli. Mwenyezi Mungu, katika Surat an-Nur, ametukataza kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tupate idhini na tuwatolee salamu wenyewe, na Katiba nayo, katika kifungu cha 31, yailinda faragha ya nyumba. Lakini heshima hiyo ni ya nani? Ni ya yule akaaye na watu wake ndani. Mchukua kodi hawezi kujificha nyuma ya sitara ya mpangaji. Basi mkaguzi na aje mchana, kwa khabari iliyotangulia, aombe idhini ya mpangaji, atazame kuta, nyaya, dirisha na choo. Masanduku na vyungu vya watu havimkhusu.

Husemwa pia kwamba afya imewahi kufanywa kisingizio cha kuwatoa watu. Na hili ni kweli. Tauni ilipoingia Nairobi mwaka 1902, mtaa wa maduka ya Wahindi ulitiwa moto kwa amri ya daktari. Naye Daktari Simpson, baada ya safari yake ya mwaka 1913, alishauri kwa jina la afya kwamba watu watengwe mitaa kwa rangi zao. Tena sheria za ujenzi za mwaka 1968 kwa sehemu kubwa zilifuata mfano wa Uingereza, hata nyumba ya udongo ikaonekana haina mahali mjini, ijapokuwa babu zetu walilelewa humo kwa siha. Tiba ya haya ni kipimo cha haki: ipimwe khatari, usipimwe utajiri. Ukuta wa udongo ulio imara, wenye dirisha na choo safi, na upasi. Ukuta wa mawe usio na tundu la hewa na ukatazwe.

Khofu ya mwisho ndiyo iliyo kubwa: kwamba gharama itamwangukia mpangaji, ama kodi ipande, ama chumba kifungwe naye abaki njiani. Hatusemi kwamba khofu hii ni ya bure. Kwa hivyo amri ya kwanza iwe kutengeneza kwa muda maalumu, na kufunga kuwe ni kwa nyumba iliyo karibu kuua. Hapo tena, wanaoifunga hawana budi wajue wenyeji watalala wapi usiku ule. Na mkaguzi ambaye hongo ya mwenye nyumba humfumba macho ameiuza roho ya mtu asiyemwona.

Sasa, ndugu zetu, turejee kwetu. Wengi katika wasomaji wetu wana vyumba vya kupangisha Majengo, Kisauni, Likoni na kwengineko. Leseni, hata ikipatikana kwa haki, ni ushahidi wa siku ile moja aliyokuja mkaguzi. Kesho yake ukuta waweza kupasuka, na wa kwanza kujua ni wewe. Leseni haikuondolei dhima. Basi ingia leo kwa idhini katika chumba ukipangishacho, ufunge mlango, usimame kitambo. Je, wapata pumzi? Je, moto ukitokea, wanao wa kutoka wangepita wapi? Je, choo kile ungekiingia mwenyewe? Kama jibu lako ni la, hukuwa na haja ya bwana afya kukwambia, na kodi ya mwezi ujao haistahili kuingia mfukoni kabla ya fundi kuingia nyumbani.