Ni Nani Mvamizi?

Ndugu msomaji, hapana shaka umekwisha kuona, japo moja, katika zile senema za viumbe wa sayari nyingine wanaoivamia dunia. Wako wasemao kuwa huo ni upuuzi wa kupotezea wakati. Huenda. Lakini mtu hujulikana kwa akiogopacho, na senema hizi ni daftari la khofu za walimwengu. Basi si vibaya tukazipambanua.

Asili yake kubwa ni kitabu cha Mwingereza H. G. Wells, The War of the Worlds, kilichotoka mwaka 1898. Viumbe wa Mirihi wanashuka Uingereza na silaha zisizo kinga, wanateketeza watu na miji. Na tazama insafu ya mwandishi: mwanzoni kabisa anawakumbusha wenzake kwamba kabla ya kuwahukumu viumbe hao, wazingatie Wazungu walivyowaangamiza wenyeji wa Tasmania. Yaani, haya mnayoyaogopa kutoka juu, nyinyi mmekwisha kuyatenda hapa chini. Sisi watu wa pwani hatukuhitaji Mirihi kulijua hilo. Mwaka 1505 merikebu za Francisco de Almeida zilitokeza Kilwa, kisha Mombasa. Miji yote miwili ikaporwa, na Mombasa ikatiwa moto.

Kitabu hicho kilipofanywa senema Marekani mwaka 1953, vita vilihamishiwa California, na lile swali la Tasmania likaachwa njiani. Mvamizi akawa mwovu mtupu, na mvamiwa hana lawama hata chembe. Njia hiyo hiyo imefuatwa na Independence Day ya mwaka 1996, ambamo Rais wa Marekani mwenyewe anarusha ndege kwenda kupigana. Sikatai kuwa inasisimua. Ila mtazamaji hutoka humo kama alivyoingia, amezidi kujipenda tu.

Iko aina nyingine, isiyokuwa na moto wala mizinga. Katika Invasion of the Body Snatchers ya mwaka 1956, mtu akilala usingizi, huchukua nafasi yake kiumbe aliyekua ndani ya ganda, mwenye sura ile ile na sauti ile ile, lakini hana huruma wala mapenzi. Wako walioiona kuwa ni onyo juu ya ukomunisti, na wako walioiona kuwa ni onyo juu ya wale waliokuwa wakiwasaka wakomunisti. Ikiwa kila upande waweza kumwona adui yake humo, je, wewe utajuaje kuwa hukulala?

Lakini iliyonitia haya mimi ni District 9, ya mwaka 2009, iliyopigwa katika vibanda vya Chiawelo, Soweto. Humo viumbe hawakuja kuteka. Chombo chao kimesimama juu ya Johannesburg, nao wanakutwa ndani wamedhoofu kwa njaa. Wanatiwa kambini, wanapachikwa jina la dharau, kisha inatoka amri wahamishwe. Jina la senema linakumbusha District Six ya Cape Town, iliyotangazwa mwaka 1966 kuwa ni ya weupe peke yao, na watu zaidi ya 60,000 wakaondoshwa. Karani aitwaye Wikus anapita nyumba kwa nyumba na makaratasi ya kuwahamisha. Mayai yao yanachomwa moto, naye anafanya mzaha kwa jinsi yanavyopasuka.

Nakiri, ndugu msomaji, kwamba nami nilicheka. Viumbe wale wana sura ya kuchukiza, mdomo umejaa mikia kama ya kamba wa baharini, na mzaha ulikuja upesi kabla sijakumbuka kuwa mle ndani ya mayai mlikuwa na watoto.

Wikus naye baadaye anaanza kugeuka, kidogo kidogo, kuwa mmoja wao, na wenzake wa jana wanamwinda. Mwisho anaonekana kiumbe mmoja jalalani, ameinama peke yake, anafinyanga ua kwa vipande vya bati.