Mzazi, Mrudishie Mtoto Kalamu Yake

Ndugu zangu, neno la leo ni lako wewe uliyetokewa na mtoto mlangoni, Jumapili usiku saa tatu, akiwa tayari na nguo za kulalia, akasema: "Mwalimu alisema kesho tulete bango."

Najua ilivyokuwa. Sufuria ilikuwa ingali motoni, sare hazijapigwa pasi, na duka la vitabu lilikuwa limefungwa tangu jana. Ukauliza kwa ukali kwa nini hakusema Ijumaa, naye akatazama vidole vyake vya miguu. Kisha ukavuta kiti, ukachukua kalamu mkononi mwake, ukamwambia, "Nenda kalale. Nitakumalizia."

Usimmalizie! Nakusihi kwa jina la Mungu aliyekupa mtoto huyo, usimmalizie. Mrudishie kalamu yake.

Nianze na dhambi yangu mwenyewe. Binti yangu alikuwa Gredi ya Pili, tukiishi Kisauni. Kazi ilikuwa bango la kuhimiza watu watunze maji, naye alikuwa amekwisha kuanza. Alichora mkokoteni wenye mitungi sita, na kila mtungi akautia macho. Mmoja ulikuwa unalia, kwa sababu ulikuwa umetoboka. Mzee anayeusukuma mkokoteni alikuwa na kichwa kikubwa kuliko gurudumu. Nikautazama mchoro ule nikaona uchafu. Nikaenda saiba, nikachapisha picha ya mfereji unaong'aa, mfereji ambao mtoto wangu hajawahi kuuona nyumbani kwa mtu yeyote anayemjua. Nikaikata, nikaibandika katikati ya manila, nikaandika maneno kwa herufi nilizozinyoosha kwa rula. Hata jina lake chini ya bango nililiandika mimi.

Siku ya wazazi lilitundikwa mahali pa juu, karibu na ubao. Wazazi wakasimama, wakasifu. Nikamshika binti yangu bega, nikamwambia, "Umeona limependeza?" Akanijibu kwa sauti ya chini, bila hasira yoyote: "Lako limependeza, Baba."

Lako! Mtoto wa miaka saba alinihukumu kwa neno moja, na hukumu yake ilikuwa ya haki. Usiku ule nikaitafuta karatasi yenye mitungi, niitazame tena, nimwombe msamaha nikiwa nimeishika. Nikakumbuka kwamba nilikuwa nimeiwashia jiko.

Mtungi uliotoboka, wazazi wenzangu! Nani katika mitaa yetu asiyejua thamani ya mtungi wa lita 20, na uchungu wa kuona maji uliyoyalipia yakilowesha barabara nyuma ya mkokoteni? Mtoto alikuwa ameliona jambo hilo kwa macho yake, akalibeba hadi nyumbani, akalichora. Ndilo bango lenyewe hilo! Nami nikalichoma, nikaweka mahali pake picha isiyo na mtu wala mtaa.

Tunalalamika kwamba Mtaala wa Umilisi hapa Kenya umetutwika mzigo. Ulipoingia katika shule za nchi nzima mnamo Januari 2019, tukaanza kuuaga mfumo wa 8-4-4 uliokuwapo tangu 1985, wengi wetu tulihisi tumerudishwa darasani bila kuulizwa. Sehemu ya lalamiko hilo ni kweli, nami sitaifunika. Wapo wazazi walioombwa vifaa ambavyo mshahara wao hauvifikii, na wapo waliokopa manila dukani. Lakini tuulizane kwa moyo mweupe: ni nani aliyetuamuru tuchore sisi? Mtaala wa Umilisi unataja mambo saba ya msingi ambayo mtoto anapaswa kuyakuza, na ubunifu umo, na kujiamini kumo. Sasa niambie, mzazi, unapochora wewe mpaka saa tano usiku naye amelala, ubunifu wa nani unaokua? Anayejifunza kujiamini ni nani?

Fungua Kutoka sura ya 31. Musa yuko mlimani, amekwisha kuonyeshwa hema lote, vipimo vyake, rangi za mapazia yake, mbao na vitako vyake. Hakuna aliyeijua kazi ile kuliko yeye. Lakini Mungu akamtaja mwingine kwa jina, Bezaleli mwana wa Uri, wa kabila la Yuda, akamjaza Roho yake ili achonge mbao, afue dhahabu na akate vito. Sikieni hilo! Roho wa Mungu alishuka juu ya patasi na nyundo. Aliyeona kila kitu mlimani akamwachia kazi ya mikono yule aliyepewa kazi ya mikono.

Endelea hadi sura ya 36, maana hapo ndipo pananichoma. Watu walileta vitu asubuhi baada ya asubuhi kwa moyo mkunjufu, hata mafundi wakaenda kwa Musa kulalamika kwamba vilivyoletwa vimezidi. Musa akapiga mbiu kambini, watu wakazuiwa wasilete tena. Ulipata kufikiri juu ya jambo hilo? Sadaka iliyozuiwa! Nia ilikuwa njema, mikono ilikuwa imejaa, na bado mtumishi wa Mungu akasema basi, inatosha. Mzazi anayempenda mwanawe anapaswa kuisikia mbiu ile. Leta karatasi, leta gundi, leta taa na kiti chako. Kisha pafike mahali ujizuie.

Daudi naye alitamani kwa moyo wote kumjengea Mungu nyumba. Alipoambiwa kwamba mwanawe ndiye atakayejenga, na mwanawe alikuwa angali kijana mchanga, alifanya nini? Alikusanya chuma cha misumari, shaba isiyopimika na mierezi ya Sidoni na Tiro. Hata ramani alimkabidhi. Lakini jiwe la kwanza hakuliweka yeye, na Sulemani alipolifikia kazi ilimchukua miaka 7.

Sasa utazame mkono wa mwanao. Kifundo cha mkono wa mtu mzima kina mifupa midogo minane. Mtoto anapozaliwa, kwa kawaida yote ingali gegedu laini, nayo hugeuka kuwa mfupa mmoja baada ya mwingine, mwaka baada ya mwaka. Watoto wengi hufika miaka saba mfupa wa mwisho ukiwa haujaanza kugeuka. Mkono huo ungali unajifunza, na mstari wake unatetemeka na duara lake halifungi. Usimwite mzembe! Mungu angali kazini ndani ya kiganja kile, nawe unamkaripia Fundi kabla hajamaliza.

Utaniuliza, basi nikae tu nitazame? La hasha. Kumtupia mtoto manila ukarudi kwenye simu yako ni dhambi nyingine, tena ni ndugu ya ile ya kwanza. Mtoto anakuhitaji sana. Anahitaji uketi.

Keti naye sakafuni. Kabla kalamu haijagusa karatasi, zungumzeni. Muulize bango hili litasomwa na nani: ni watoto wenzake, au ni watu wazima wanaopita njiani? Muulize, mtu akipita haraka akumbuke kitu kimoja tu, angependa kiwe kipi? Mngoje. Atanyamaza kitambo, na kimya kile kitakuwasha ulimi, lakini mngoje. Bango halisomwi kama barua. Husomwa na mtu aliyesimama hatua kadhaa mbali, kwa hiyo lataka picha moja kubwa na maneno machache ya kunenepa. Mtoto huligundua hilo mwenyewe ukitundika gazeti ukutani ukamwambia arudi nyuma hatua moja moja mpaka maandishi madogo yampotee.

Kisha ajaribu mahali pengine kwanza. Mgongo wa kalenda ya mwaka jana, ile ya dukani uliyoacha kuitundika, ni mweupe na mpana. Huko akosee apendavyo. Ahesabu herufi za maneno yake na kuzichorea visanduku vya penseli hafifu, kimoja kwa kila herufi, na pembeni abakize upana wa vidole viwili. Rula mshikie wewe, mstari apige yeye.

Nasikia mama mmoja akisema moyoni, "Mhubiri, hata hiyo manila sina." Mama, sikia. Lile birika la shaba lililowekwa penye hema ili makuhani wanawe, Kutoka 38 inatuambia lilifanywa kwa vioo vya wanawake waliohudumu mlangoni pa hema. Vioo vya kujitazamia, vyombo vya nyumbani vya akina mama! Basi usione haya mbele ya boksi la sabuni. Lipasue, ligeuze ndani nje, una bango. Gundi ni unga wa ngano kijiko kimoja, uliokorogwa kwa maji baridi usishike madonge, ukapikwa hadi ung'ae kama uji. Moto na sufuria ni vyako, kupaka ni kwake, na mwambie apake nyembamba, maana gundi ikizidi karatasi hujikunja. Manjano ya jikoni na maji kidogo hutoa rangi ya jua. Kipande cha mkaa kinachora nywele na usiku. Jani la mchicha ukilisugua huacha kijani. Wembe, hata hivyo, ushike wewe, na hilo halina mjadala.

Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru kusini mwa Tanzania, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kupakia baiskeli, juu ya vipande vya mbao bapa vya ujenzi. Hakungoja aletewe rangi za wasanii kutoka ng'ambo. Alifariki 1972, miaka michache tu baadaye, na wanyama wake wenye madoa wangali wanachorwa na mikono mingi hadi leo. Wazieni kama angetokea mtu mwenye elimu, akamnyang'anya brashi na kumwambia twiga hana shingo ya namna hiyo!

Nawe usiyejua kusoma, wewe unayesema "mimi sikusoma, nitamsaidiaje", nakuambia una nafasi bora kuliko yangu. Wewe huwezi kumwandikia. Utamwambia, "Nieleze mwanangu, hapa umesema nini?" Naye atasimama wima, ataeleza kwa kidole, na akifika mahali pasipoeleweka atajikamata mwenyewe na kurudi kuparekebisha. Wasomi tumemnyima mtoto nafasi hiyo kwa haraka zetu.

Ipo saa ataharibu, atalia, atataka kuichana karatasi. Hapo ndipo wengi wetu tunaanguka. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Mwache alie, mfute kamasi, mpe maji anywe, na karatasi muiache mezani. Usiseme "lete nifanye". Muulize ni sehemu gani inamuuma. Mara nyingi bango zima halijaharibika, ni mguu wa ng'ombe tu.

Akina baba, msiseme bango ni shughuli ya mama. Mimi ni baba, na aliyechoma mitungi ile ni mimi.

Na ninyi walimu wetu wapendwa, nawaheshimu kwa vumbi la chaki mnalolibeba, lakini nawasihi. Msiyapandishe juu ya ubao mabango yaliyotoka saiba. Mwacheni kila mtoto asimame mbele ya lake alieleze, na mara moja mtajua ni la nani. Toeni kazi mapema, siku ya Jumatatu kwa Jumatatu ijayo, ili mzazi anayerudi usiku apate jioni moja ya kuketi sakafuni. Na boksi lililogeuzwa lipokeeni kwa mikono miwili.

Mwaka uliofuata, Mungu alinirehemu akanipa nafasi ya pili. Kazi ilikuwa bango la kuhimiza usafi, na binti yangu akachagua maneno NAWA MIKONO. Alihesabu herufi kumi, akapiga visanduku kumi juu ya mgongo wa kalenda, akaridhika, akahamia moja kwa moja kwenye manila kwa kalamu nzito ya wino. Hakuwa amehesabu nafasi iliyo kati ya maneno mawili. Mimi niliiona mapema. Alipofika kwenye N ya mwisho karatasi ilikuwa imekwisha, na O haikuwa na pa kukaa.

Mkono wangu uliondoka wenyewe kuelekea kwenye kalamu. Nikaurudisha, nikaukalia. Taa ya mafuta ilikuwa inavuma, maana stima ilikuwa imepotea tangu magharibi. Binti yangu akalitazama bango, akanitazama mimi, akalitazama tena. Midomo ikaanza kumcheza. Nikamuuliza, "Unaonaje?" Hakujibu. Chini ya maneno alikuwa amechora beseni, na mikono miwili ndani yake yenye vidole sita sita.

Kisha akacheka peke yake. "Baba, imeruka," akasema. Akaichora ile O juu kabisa, nje ya mstari, kubwa na duara, akaitia mng'ao mdogo ubavuni. Ilikuwa kiputo cha sabuni. Akaanza kuchora vingine vidogo vidogo vikipanda kutoka kwenye beseni kuifuata, na saa nne usiku nilikuwa ningali sakafuni nikimshikia taa.